Picha Sita, na Ile ya Saba

Umeniambia nisikuonee haya, Pazi.
Basi kaa hapo, kwenye kigoda cha wateja,
wanapokaa wanaotaka picha za paspoti
na kukatazwa kutabasamu.
Ngoja nivae miwani.

Ya kwanza. Askari wa plastiki, kijani kibichi,
analinda fungu la bamia.
Nimecheka kabla sijajua ninacheka nini,
na hilo halifundishwi chuo chochote.
Lakini tazama nyuma ya kofia yake:
swichi ya ukutani.
Jicho langu limekwenda kuwasha taa,
likaziacha bamia bila mlinzi.

Ya pili umeipiga umesimama.
Nani kakutuma uitazame karoti kutoka mbinguni?
Tandika gunia, lala kifudifudi,
kidevu kiguse sakafu ya mama yako,
mpaka karoti iwe mnara
na kigari kiogope kukata kona.
Shati litachafuka. Shati hufuliwa.

Ya tatu nakurudishia.
Biringanya kavaa taji la karatasi ya sigara,
nyanya chungu zimemzunguka, zinasujudu,
halafu chini, kwa kalamu nyekundu:
*Mfalme Biringanya na raia zake.*
Kwa nini unanieleza? Mfalme nilishamwona.
Ukishachekesha, nyamaza.
Anayefafanua mzaha wake
ni mgeni aliyeaga mara tatu
na bado yuko mlangoni.

Ya nne, jua la saa saba limeuchapa mchicha kofi.
Dinosau wako wa buluu amebaki kivuli na meno.
Subiri saa kumi na moja,
au tundika dirishani ile kanga kuukuu
iliyofuliwa hata maneno yake hayasomeki.
Kisha chovya vidole kwenye maji, rushia majani,
kama wafanyavyo Mabibo sokoni
ili mboga za jana zionekane za leo.
Hapo muulize mama yako, si mimi.

Najua unasubiri nifike kwenye trekta.
Trekta jekundu, gurudumu moja halipo.
Umeligeuza, umelibana kwenye boga,
kama mtu anayeficha soksi iliyotoboka.
Gurudumu lilikwenda wapi?

Na maji. Mtaro ulipofurika. Ukiwa na miaka sita.

Basi geuza, baba. Tuonyeshe pengo.
Kata karoti kipande cha duara,
mwamshe yule askari wa bamia,
avingirishe gurudumu jipya kuelekea trektani,
jasho likimtoka.
Hutahitaji kalamu nyekundu.

Ya sita sina neno.
Sijasema mbaya. Nimesema sina neno.
Iache hapa mezani, nitaitazama tena kesho
umeme ukirudi.

Unaona nakuchosha.
Mimi fundi wangu, Bwana Almasi, hapahapa Magomeni,
alikuwa akishika picha yangu kwa ncha za vidole,
anasema "safi", anarudi kwenye kahawa yake.
Miaka minne ya "safi".
Hadi leo sijui alikuwa akiona nini,
wala kama alikuwa akitazama.

Haya, ya saba iko wapi?
Ulisema saba. Nimehesabu sita, mara mbili.

Unasema ulikuwa bado unampanga mfalme
mama akaingia, hakuuliza,
akamchukua kwa kikonyo chake,
akamkatakata juu ya sufuria ya mafuta,
na taji likabaki sakafuni,
na nyanya chungu bado zimesujudu
mbele ya mahali patupu.

Na kamera ulikuwa nayo mkononi?

Pazi. Pazi weee.

Chukua hii elfu moja.
Kanunue mfalme mwingine,
umpange karibu na jiko,
na mara hii mlango usiufunge.